Shauri Lililokwisha Kukatwa: Ni Lini Hukumu ya Kwanza Huzuia Daawa ya Pili?

Katika lugha yetu kitenzi "kukata" kina kazi nyingi barazani. Hakimu hukata maneno, hukata shauri, hukata hukumu; na yule aliyeshindwa, asiporidhika, hukata rufani. Basi neno lile lile linalomaliza ugomvi ndilo linaloupeleka mbele kwa hakimu mkubwa. Mtu akiukata mti ukaanguka, hasemi kwamba kesho atakwenda kuukata tena. Lakini aliyekatiwa shauri mara nyingi hurudi mwaka wa pili na shauri lile lile, mbele ya hakimu mwingine, kwa maneno mapya kidogo, naye husadiki kabisa kwamba ana haki ya kusikilizwa. Hapo ndipo swali letu linapoanza. Ni lini hukumu iliyotangulia humfungia mtu mlango, na ni lini haimfungii?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Waalimu na wachungaji ndio wanaoombwa na watu kuwaandikia barua za mahakamani, kuwasomea hati walizoletewa na tarishi, na kumwambia mjane kama bado anayo njia au hana. Neno moja lisilofikiriwa laweza kumfanya mtu auze ng'ombe zake ili kugharimia daawa ambayo haitasikilizwa kamwe. Neno jingine lisilofikiriwa laweza kumkatisha tamaa mtu mwingine, akaliacha shamba la baba yake, hali mlango ulikuwa wazi. Kwa hiyo yafaa tulichungue jambo hili kwa taratibu.

Kwanza tuulize kwa nini ugomvi uwe na mwisho. Wanasheria wa Roma ya kale walifundisha kwamba jambo lililokwisha hukumiwa hupokewa kama kweli. Na jina la Kilatini walilolipa, res judicata, ndilo linalotumika hata leo katika mahakama nyingi za dunia. Tuyaangalie maneno yale "hupokewa kama kweli". Hawakusema kwamba ni kweli daima. Walijua kwamba hakimu ni mwanadamu, na kwamba shahidi aweza kusahau au kusema uongo. Lakini waliona pia kwamba kama kila hukumu yaweza kuulizwa tena bila kikomo, hapana hukumu duniani. Mwenye mali nyingi angemrudisha maskini mahakamani kila mwaka mpaka amchoshe. Mahakimu wawili wangetoa hukumu mbili zinazopingana juu ya mpaka mmoja. Na mnunuzi wa shamba asingejua kamwe kama amenunua shamba au amenunua ugomvi. Wazee wetu walisema, hakuna refu lisilo na ncha. Daawa nayo lazima iwe na ncha yake.

Walakini mithali nyingine yatufundisha upande wa pili. Yasemwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, lakini mithali hiyo yamhusu mtu aliyeingia uwanjani akashindana. Yule ambaye hakuitwa uwanjani hatuwezi kusema kwamba alishindwa. Huu ndio msingi wa maneno yangu yote katika makala haya: hukumu ya kwanza yafaa kumfunga mtu kadiri alivyopewa nafasi ya kusikilizwa, wala si zaidi ya hapo. Kanuni zote nitakazozieleza, ingawa zaonekana kuwa nyingi, zimetoka katika shina hili moja.

Katika nchi zetu kanuni hii ilifika kwa njia ya Bara Hindi. Huko serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya mwenendo wa madai mwaka 1908, na kifungu chake cha 11 kilieleza ni wakati gani mahakama isisikilize daawa ya pili. Sheria hiyo ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1920, ikadumu hata mwaka 1966 Tanzania ilipotunga sheria yake yenyewe; kanuni yetu ikawekwa katika kifungu cha 9. Kenya ilipata sheria yake mwaka 1924, na kanuni hiyo imo katika kifungu cha 7. Maneno ya vifungu hivi vitatu yakaribiana sana, hata mtu aliyekielewa kimoja hapotei katika vingine. Vyote vyataka mambo matano yatimie pamoja. Likikosekana hata moja, mlango haujafungwa.

Ili tuyaone vema, tuchukue mfano. Tuseme kuna majirani wawili, mmoja mwenye minazi na mwenziwe mwenye michungwa. Na katikati ya mashamba yao kuna kipande cha ardhi chenye kisima. Mwenye minazi alimshtaki mwenziwe kwamba amevuka mpaka. Mahakama ikawasikiliza mashahidi, ikaenda kupaona mahali penyewe, ikahukumu kwamba kisima ni cha mwenye michungwa. Rufani haikukatwa. Sasa miaka minne imepita, na mwenye minazi ataka kushtaki tena.

Jambo la kwanza ni kwamba neno linalogombewa liwe lile lile. Mahakama haitazami jina la daawa, bali hutazama kiini chake. Ikiwa mara ya kwanza mwenye minazi alidai ardhi, na sasa adai fidia kwa sababu jirani yake apanda miche kando ya kisima, daawa yaonekana kuwa mpya. Lakini hawezi kupata fidia hiyo bila kuthibitisha tena kwamba ardhi ni yake, na neno hilo limekwisha katwa. Kinyume chake, ikiwa mwenye michungwa mwaka huu amevuka hata ng'ambo ya kisima, akakata minazi mitatu ambayo haikuwamo katika shauri la kwanza, hilo ni kosa jipya, na hukumu ya zamani haiwezi kulifunika. Tena neno hilo liwe ndilo lililokuwa shina la shauri la kwanza. Kama hakimu alitaja kwa kupita tu kwamba njia ya kwenda mtoni yatumiwa na wote, wala hakuna aliyegombea njia hiyo, hatuwezi kusema kwamba shauri la njia limekatwa.

Jambo la pili ni kwamba wagomvi wawe wale wale, au wale waliopata haki yao kutoka kwao. Mwenye minazi akifa, mwanawe aliyerithi shamba hulirithi pamoja na hukumu yake. Na mtu akilinunua baada ya hukumu, hununua kile alichokuwa nacho muuzaji, wala si zaidi. Lakini jirani wa tatu, yule wa upande wa kaskazini, ambaye asema kwamba kisima kilichimbwa na babu yake, naye hakuitwa wala hakusikilizwa, yeye hafungwi hata kidogo. Hukumu iliyotolewa kati ya watu wawili haiwezi kumnyang'anya wa tatu. Sheria imetoa tofauti moja katika neno hili: watu wakishtaki kwa nia njema kwa ajili ya haki iliyo ya wengi pamoja nao, kama njia au malisho, hukumu huwafunga wote wenye haki hiyo, hata wale ambao hawakufika. La sivyo, kila mwanakijiji angeweza kulianza shauri la njia upya, mmoja baada ya mmoja, na shauri hilo lisingekwisha hata kiama.

Jambo la tatu ni kwamba watu hao wawe wamesimama katika cheo kile kile. Neno hili huwapotosha wengi. Mtu mmoja aweza kusimama mahakamani kwa vyeo viwili: leo kwa nafsi yake, kesho kwa niaba ya yatima anayewasimamia, au kwa niaba ya chama. Mchungaji akishindwa katika shauri la bustani aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe, hukumu hiyo haiwafungi wadhamini wa kanisa wanaodai kiwanja cha kanisa, hata kama jina la mchungaji yule limeandikwa katika hati zote mbili. Jina ni moja, lakini mdai ni mwingine.

Jambo la nne ni kwamba mahakama iliyokata shauri la kwanza iwe na uwezo wa kulikata, tena iwe na uwezo wa kulisikiliza hata hili la pili. Hapa ndipo watu wa vijijini hukosea zaidi kuliko penginepo. Wazee wakikaa chini ya mti wakawapatanisha wagomvi, wamefanya kazi njema, lakini hawakutoa hukumu ya mahakama. Katika Tanzania, Baraza la Ardhi la Kijiji liliwekwa na sheria ili lisuluhishe. Mabaraza ya Kata yalikuwa na uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi kwa kiasi fulani mpaka mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa, yakaachiwa kazi ya kupatanisha tu. Kwa hiyo mtu akileta karatasi ya Baraza la Kata, tuangalie kwanza tarehe yake. Ile ya zamani yaweza kuwa hukumu kamili. Iliyoandikwa baada ya mabadiliko hayo ni habari ya usuluhishi. Lakini wagomvi waliokwisha kushtakiana wakipatana wenyewe, wakayapeleka mapatano yao mahakamani, na mahakama ikayaandika kuwa hukumu, basi yana nguvu kama hukumu nyingine yo yote. Mtu asiseme baadaye, "Mimi nilikubali tu, sikushindwa."

Jambo la tano ni kwamba shauri liwe limesikilizwa na kukatwa kabisa. Hapa nawaomba wasomaji watulie kidogo, maana jambo hili ni la sheria na la lugha pia. Mahakama yaweza kuliondoa shauri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kulitazama kiini chake na kusema kwamba mdai hana haki. Hapo shauri limekwisha. Njia ya pili ni kulirudisha bila kulitazama kiini, kwa sababu limeletwa katika mahakama isiyolihusu, au limeletwa kabla ya wakati wake, au hati zake hazikutengenezwa kama ipasavyo. Hapo shauri halijakatwa, limeondolewa mezani tu. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, ilizieleza njia hizi mbili na kuzitenga. Ilisema kwamba rufani iliyoletwa bila kufuata taratibu haifai kutupwa kana kwamba imesikilizwa, bali yafaa kuondolewa tu, kwa kuwa mahakama haikuwa na rufani halali mbele yake ya kuikatia hukumu. Mafundisho hayo yangali yakifuatwa hata leo.

Sasa tuulize, katika Kiswahili twazitengaje njia hizo mbili? Watu husema shauri "limefutwa", "limetupwa", "limekataliwa", "limeondolewa", nao huyachanganya maneno hayo kana kwamba yote ni mamoja. Zamani kosa hilo lilikuwa dogo, maana hati nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Lakini tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mtu wa kawaida aweza kusoma hukumu yake mwenyewe. Akisoma kwamba shauri lake "limefutwa", atajuaje kama amenyimwa haki yake au amerudishwa tu akatengeneze hati? Kwa maoni yangu yafaa tushike desturi moja: tuseme shauri "limetupwa" pale mahakama ilipokata kiini chake, na tuseme "limeondolewa" pale ambapo kiini hakikuguswa. Lakini desturi hiyo isitufanye wavivu. Msomaji asiridhike na neno moja lililo mwisho wa hati. Arudi nyuma azisome sababu zake hakimu, maana ndizo zitakazomwonyesha ni kitu gani kilichokatwa.

Labda mtu atauliza: je, aliyeitwa asifike, akahukumiwa hali hayupo? Huyo alipewa nafasi, akaiacha. Hukumu ya upande mmoja humfunga, ila aweza kurudi katika mahakama ile ile iliyomhukumu na kuomba hukumu itenguliwe, akionyesha sababu ya haki iliyomzuia. Kwa mfano kwamba wito haukumfikia kamwe. Njia yake ni hiyo. Kufungua daawa mpya katika wilaya nyingine si njia.

Yako pia maneno ambayo mtu hakuyasema katika shauri la kwanza, ingawa angaliweza kuyasema. Tuseme mwenye minazi arudi na hati ya zamani ya mauzo, iliyokuwa sandukuni mwake siku zote, na asema, "Neno hili hakimu hakulisikia." Sheria humjibu kwamba neno lililokuwa likiwezekana na kupasa kusemwa huhesabiwa kana kwamba lilisemwa. Mafundisho haya yalielezwa vizuri Uingereza mwaka 1843 katika shauri la Henderson. Ndugu wawili walikuwa na biashara moja katika mji wa Bristol na katika nchi ya Newfoundland. Mmoja alikufa, na mjane wake akashtaki huko Newfoundland juu ya hesabu za biashara, akapewa haki. Ndipo ndugu aliyebaki alipokwenda katika mahakama ya Uingereza na hesabu zake mwenyewe, akidai kwamba yeye ndiye anayewia. Hakimu Wigram alimkatalia, akasema kwamba wagomvi yawapasa kulileta shauri lao lote kwa mara moja, wala wasilikate vipande na kukiweka kimoja akiba kwa siku nyingine.

Kanuni hii ni nzuri, lakini ni kali, na ukali wake waweza kumdhulumu mtu. Ndiyo maana mwaka 2000 Baraza la Malordi la Uingereza, katika maneno ya Lord Bingham, liliirekebisha: si kila neno lililoweza kusemwa lilipasa kusemwa. Yafaa mahakama itazame mambo yote pamoja, na iulize kama daawa ya pili ni kuitumia mahakama vibaya na kumsumbua mwenziwe. Naona maneno hayo yalingana kabisa na shina letu. Mtu aliyeificha hati yake kwa ujanja alikuwa na nafasi, naye aliichezea. Lakini mtu ambaye hati yake ilikuwa imefichwa na mdaiwa mwenyewe hakuwa na nafasi ya kweli.

Neno hili latufikisha katika hila. Je, hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu yaweza kumlinda mdanganyifu? Jibu mashuhuri lilitolewa London mwaka 1776. Elizabeth Chudleigh alikuwa ameolewa kwa siri na Augustus Hervey mwaka 1744. Baadaye alifungua shauri katika mahakama ya kanisa, akataka itangazwe kwamba Hervey si mumewe. Mahakama ikatangaza hivyo mwaka 1769, na mwaka ule ule akaolewa na Duke wa Kingston. Duke alipokufa mwaka 1773, jamaa zake walimfuatia mwanamke yule, akashtakiwa kwa kuolewa na waume wawili. Yeye akaitoa hukumu ya kanisa kama ngao. Majaji walioulizwa na Malordi walijibu kwa mambo mawili. Kwanza, hukumu ile haikuifunga mashtaka ya jinai yaliyoletwa kwa jina la Mfalme. Pili, hata kama ingaliyafunga, upande wa mashtaka waweza kuonyesha kwamba ilipatikana kwa hila na mapatano ya siri. Malordi wakamwona ana hatia. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba hukumu iliyonunuliwa kwa uongo si hukumu ya kumzuia mtu. Lakini yule asemaye kwamba palikuwa na hila, juu yake ni kuithibitisha. Hasira ya kushindwa haitoshi kuwa ushahidi.

Watu wa pwani nao wanayo mafundisho ya zamani katika sheria ya Kiislamu. Wanazuoni wasimulia kwamba Khalifa Umar aliletewa shauri la urithi wa mwanamke aliyeacha mume, mama, ndugu wa mama mmoja, na ndugu wa baba na mama. Mume akachukua nusu, mama sudusi, ndugu wa mama mmoja thuluthi, na ndugu wa baba na mama hawakubakiwa na kitu. Baadaye likaja shauri jingine la namna hiyo hiyo, na Umar akawashirikisha ndugu wote katika thuluthi. Alipoulizwa kwa nini amebadili, alijibu kwamba la kwanza ni kama alivyolihukumu, na hili ni kama anavyolihukumu sasa. Hakurudi nyuma kuitangua mirathi iliyokwisha gawanywa. Mafundisho hayo yaliingia katika Majalla ya Waturuki, iliyotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876. Kifungu chake cha 16 chasema kwamba ijtihadi haitangui ijtihadi iliyo mfano wake. Maana yake, hakimu akipata fikira bora aitumie mbele, asiibomoe hukumu halali iliyotangulia.

Wachungaji watauliza habari za ndoa. Hapa yako mambo yasiyofungwa kamwe. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, katika kanuni ya 1903, na ile ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1643, zasema kwamba mashauri yahusuyo hali ya watu hayawi kamwe shauri lililokwisha kukatwa. Sababu yake yafahamika. Shamba laweza kuhama kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine kwa hukumu, lakini hakimu hafanyi ndoa iwepo ikiwa haikuwapo, wala haivunji ikiwa ipo. Yeye atangaza tu. Hata hivyo hairuhusiwi kuyafungua tena mashauri hayo kwa kupenda tu. Hapana budi kuleta ushahidi mpya na mzito.

Neno moja la leo halifai kusahauliwa. Watu wengine hudhani kwamba wakiitaja katiba, kila mlango uliofungwa hufunguka. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu kabisa ya Kenya ilisema kwamba kanuni hii yatumika hata katika mashauri ya katiba, ila pale ambapo kukataa kusikiliza kungeleta dhuluma kubwa. Basi kulibadili jina shauri la zamani, na kuliita la haki za binadamu, hakulifanyi kuwa jipya.

Sasa mtu akija kwetu na bahasha ya hati chini ya kwapa, tumwulize nini? Tumwulize ni kitu gani hasa mlichogombea mara ya kwanza. Ni akina nani waliokuwamo, na wewe wapata haki yako kutoka kwa nani. Ulisimama kwa nafsi yako au kwa niaba ya nani. Ni mahakama ipi iliyokata, na mwaka gani. Na je, ilikisikiliza kiini au iliondoa hati tu. Kisha tumwulize kama muda wa rufani umekwisha, maana mara nyingi mtu atakaye daawa mpya ana rufani iliyo hai mkononi mwake naye hajui, na siku zapita. Ikiwa umepatikana ushahidi ambao asingeweza kuujua zamani, iko njia ya kuiomba mahakama ile ile iitazame upya hukumu yake. Na ikiwa majibu yote matano yaonyesha kwamba mlango umefungwa, tumwambie kweli hiyo waziwazi, kabla hajaiuza ng'ombe wa mwisho.

Kumwambia hivyo ni kazi ngumu, kwa kuwa yeye husadiki moyoni kwamba alidhulumiwa, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini jirani yake naye ana watoto wanaopanda juu ya ardhi ile, nao wana haki ya kujua kwamba miche yao haitang'olewa mwaka ujao. Kwa sababu hiyo watoaji wa hukumu wana deni kubwa zaidi kuliko watu wanaohukumiwa. Ikiwa hukumu yao itamfungia mtu mlango maisha yake yote, na mlango wa watoto wake, hapana budi wahakikishe kwanza kwamba aliitwa, alifika, alisema, na alisikilizwa.